Mfarishi wa Shibiri Mbili

Nikate, au nisikate? Siku tatu mfululizo swali hilo lilininyima usingizi, wala halikuwa swali la maisha na mauti. Lilihusu kipande cha leso kuukuu kilichowazidi wenzake kwa upana wa vidole vichache, na aliyeshika makasi ni mimi.

Najijua. Siku ya mtihani wangu wa mwisho chuoni nilihakiki jina langu juu ya karatasi mara sita. Nikipeleka ombi la kazi, huisoma barua upya baada ya kuituma, nikitafuta kosa ambalo siwezi tena kulifuta. Nimesomea upimaji wa ardhi, kazi ambayo kosa la sentimita kadhaa laweza kuwagombanisha majirani mpaka wajukuu zao. Sijui kama masomo ndiyo yaliyonifanya hivi, au niliyachagua kwa kuwa nilikuwa hivi tangu mwanzo.

Kipande hicho kilikuwa cha mfarishi, lile tandiko zito la kujifunikia linaloshonwa kwa viraka. Huku kwetu Bofu hakuna anayejifunika mfarishi. Kwa joto la Likoni, hata shuka mtu hujifunika kwa ajili ya adabu tu. Lakini mfarishi wenyewe haukuwa wa kubaki Likoni. Ulikuwa wa sista.

Sista alikuwa jirani yetu wa mlango wa tatu, nesi wa zahanati. Alikuja kutoka bara akiwa msichana, akapanga chumba cha kukaa mwaka mmoja, mwaka ukawa miaka thelathini na ushei. Nusu ya vijana wa mtaa walipitia mikononi mwake walipozaliwa, nami nikiwamo. Alikuwa mtu wa kanisani kila Jumapili, ila ukimsimulia jambo asiloliamini alikuuliza “wallahi?” kabla mama yangu hajawahi kufungua kinywa. Alipostaafu alitangaza kwamba anarudi kwao, kwenye mashamba ya chai, ambako asubuhi mtu hutoa moshi mdomoni na wala havuti sigara.

Wanawake wa mtaa walikaa barazani kwetu kushauriana wampe nini. Vyombo anavyo, wakasema. Saa ya ukutani atapewa na wenziwe wa zahanati. Mmoja akasema leso, kama ilivyo ada, na mama akamjibu kuwa leso sista anazo sanduku zima. Kisha mama, ambaye ni mshoni na hufikiri kwa mikono, akashika pindo la leso aliyojitanda, akalisugua kidogo baina ya vidole, akauliza nani bado anayo mbeleko aliyombebea mtoto wa kwanza aliyezalishwa na sista.

Tisa walikuwa nazo. Nyingine zilikuwa zimeshakuwa matambara ya jikoni, lakini zilikuwapo. Pale pale wakakata shauri: kila mmoja atoe mbeleko yake, ikatwe vipande, vishonwe mfarishi, sista akajifunike watoto wake huko kwenye baridi. Wakaweka na sharti. Kisiingie kitambaa cha dukani hata kimoja. Kila kitakachoonekana kwenye mfarishi kiwe kimevaliwa na mtu. Pamba ya ndani peke yake ndiyo iliyosamehewa.

“Mwanangu amesomea kupima,” mama akasema, bila kunitazama. “Yeye atachora.”

Nilikuwa na miezi minane nyumbani bila kazi. Nilihisi nimepewa donge la unga kama mtoto anayewasumbua watu wakipika. Lakini nililipokea donge, na kwa siku mbili nilichora ramani kwenye karatasi ya miraba, kwa kipimo cha moja kwa kumi, kama ninayegawa shamba la urithi.

Mchoro nilioupenda ulinijia nikiwa nimelala chini, kwenye mkeka wa mama. Mkeka ni miyaa, yale majani yaliyochanwa, inayopishana, mmoja juu, mmoja chini. Nikafikiri: leso haziwezi kusukwa, ila zinaweza kushonwa zionekane zimesukwa. Kila mwanamke angekata mbeleko yake vipande vinne virefu, akaviunganisha ubavu kwa ubavu, akapata mraba wenye mistari. Miraba tisa ingepangwa mitatu kwa mitatu, mmoja mistari yake imesimama, unaofuata imelala. Jicho lingeona mistari ya huyu ikizama chini ya mistari ya yule, na kuibukia upande wa pili. Na ili kuzama huko kuaminike, nilitaka ukanda mwembamba mweusi kwenye ncha za kila mraba, uwe kama kivuli. Mama akanipa buibui lake la zamani kwa ajili ya kivuli hicho.

Nilipoionyesha karatasi barazani, mmoja akasema, “Kumbe ni jamvi.” Wakacheka wote, nami nikajua wamenielewa.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu. Karatasi ilisema sentimita arobaini kwa arobaini. Lakini nimesimama mbele ya wanawake tisa ambao wengi wao walinifuta kamasi, wawili hawakupata kuingia darasani, nami nikaona haya kulitamka neno sentimita. Niliona litasikika kama majivuno. Watasema msomi amekuja kutufundisha. Basi nikafungua kiganja, nikautandaza mkono hewani toka gumba mpaka kidole cha mwisho, nikasema, “Shibiri mbili kwa shibiri mbili, hivi.”

Mpimaji ardhi mwenye shahada alisema hivyo kwa kinywa chake. Hata sikuligundua kosa. Nilirudi ndani nimefurahi kwamba nimekuwa mnyenyekevu.

Wiki moja baadaye miraba tisa ilifika, imekunjwa vizuri, mingine imepigwa pasi. Nikaipanga sakafuni kama nilivyoichora, na haikukubali kupangika. Mraba wa mwanamke mfupi wa mlango wa pili ulikuwa kama kitambaa cha kufunikia mkate. Wa mama wa viazi, anayekaanga viazi karai pale kwenye kona, uliuzidi kila mmoja, kwa kuwa mama wa viazi ana mikono ambayo mtoto mchanga angeweza kulala katika mmoja. Nilichukua futi ya mama na kupima, ingawa macho yalikuwa yameshaona. Mdogo kabisa ulikuwa na sentimita thelathini na nne. Mkubwa arobaini na nne. Hakukuwa na miwili iliyolingana. Kila mtu alipima shibiri mbili, na kila mtu alipima sawasawa.

Mama alisimama mlangoni na sindano mdomoni. Akaitoa, akasema, “Wewe uliyepima ardhi za watu, shibiri ya jirani yako imekushinda?”

Mama aliinama, akaigeuza miraba miwili mitatu, akasema kazi yenyewe ni rahisi. Punguza yote iwe kama ule mdogo. Nguo hukatwa; asiyetaka kukata asishone. Kwa mshoni, ndivyo ilivyo. Nikachukua chaki nikaanza kuchora mistari ya kukatia, nikianza na mraba wetu, wa mbeleko niliyobebewa mimi. Nilipofika kwa ule mkubwa nikaona ncha yake moja imechakaa kuliko sehemu nyingine zote. Nyuzi zilikuwa zimelegea, na rangi nyekundu imefifia ikawa kama maji ya ukwaju. Nikashukuru, kumbe nitakata pale palipochakaa. Lakini nikaona niulize kwanza, maana mimi nisipouliza silali, nikiuliza pia silali.

Nilimkuta kwenye karai lake, wakati wa alasiri kabla wateja hawajajaa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanikabidhi kiazi cha moto kwenye karatasi kabla sijasema nililolijia. Nikamwambia kwa kuzunguka zunguka kwamba miraba imefika, naangalia ncha zake zilivyo, namna ya kuziunganisha.

“Wangu una kasoro?” akauliza.

“Hapana, mama. Ni ile ncha moja tu, naona imechakaa kidogo.”

Aligeuza viazi vyote, kimoja kimoja, kabla ya kunijibu.

“Hiyo ndiyo aliyokuwa akiinyonya,” akasema. “Nikimtia mgongoni tu, anaitafuta. Hata akilala haiachi.”

Ninajua, kama mtaa mzima unavyojua, kwamba mtoto wake wa kwanza alizaliwa salama mikononi mwa sista na hakuutimiza mwaka. Wengine watatu waliokuja baadaye ni wakubwa, mmoja tulisoma naye. Sikuwahi kufikiri kuwa mbeleko ingekuwa ya yule wa kwanza, ingawa sharti lilisema hivyo hivyo, mtoto wa kwanza.

“Nilipima mikono yangu miwili mpaka ikaingia yote,” akaniambia. “Ulisema shibiri mbili, sivyo?”

Nikamwambia ndivyo. Nikala kiazi chote nikiwa nimesimama, kikanichoma ulimi, nikarudi nyumbani sikuomba ruhusa ya chochote.

Kwa hiyo zile siku tatu. Nisipokata, miraba haiungani. Nikikata ya wengine na kuacha wake, mistari inapinda na mfarishi unakaa kama paa la banda. Na nikikata wake, hakuna atakayejua ila mimi na mama. Mama wa viazi angeona ncha haipo, angedhani imeingia ndani ya mshono, na kwa ustaarabu wake asingeuliza. Hilo ndilo lililonitisha zaidi, kwamba ningeweza kukata na lisitokee lolote.

Jibu halikunijia kwa hekima. Nilidondosha pini, nikapiga magoti kuitafuta, shavu karibu na sakafu, na kwa kuwa macho yalikuwa chini kiasi kile niliuona mkeka wa mama kama sijawahi kuuona. Miyaa yake haikulingana. Mmoja ulikuwa mpana, wa pili mwembamba, wa tatu umejipinda njiani. Aliyeusuka hakumpunguza yeyote ili amfananishe na mwingine. Penye mwaa mwembamba palikuwa na kivuli kipana, penye mwaa mpana kivuli kikawa uzi tu, na mkeka mzima umetandazika sawasawa. Pini niliipata baadaye, kwa unyayo.

Nikakaa na karatasi mpya. Badala ya kuushusha kila mraba ufike kwenye udogo, niuongeze kila mmoja ufike kwenye ukubwa. Ukanda mweusi uende pande zote nne, si kwenye ncha tu. Nafasi ya mshono ukiiweka kando, mraba wa mama wa viazi ungepata sentimita moja ya nyeusi kila upande, ule mdogo sita, na wote wangekutana kwenye arobaini na sita. Nilipiga hesabu mara nne. Mara ya nne niliipiga kwa sababu zile tatu zilikubaliana, na mimi hilo hunitia shaka.

Nilijaribu miraba miwili kwa buibui la mama. Mkubwa umesimama, mdogo umelala ubavuni pake. Niliposhona, nikapiga pasi na kurudi nyuma hatua tatu mpaka mlangoni, mistari iliinuka. Kwa kweli iliinuka. Ile ya mwanamke mfupi ilionekana inatoka chini kabisa, imepita gizani, na ile ya mama wa viazi imekaa juu ya yote, nyekundu, na ncha yake iliyonyonywa ipo pale pale karibu na ukingo. Kama shibiri zetu sote zingelingana, ungekuwa mfarishi wa mistari tu. Nilimwita mama kwa sauti ambayo siitumii ndani ya nyumba.

Alikuja, akatazama kutoka mlangoni kama mimi, kisha akapanda juu ya kigoda akatazama kutoka huko. Mama hasifu kazi. Nguo ikiwa nzuri huuliza mteja yuko wapi. Safari hii aliuliza, “Nyeusi itatosha?”

Haikutosha. Buibui lile lilikuwa limekatwa kwa ajili ya vivuli vyembamba, na mimi nilikuwa nimelifanya libebe upungufu wa mikono ya mtaa mzima. Lingeishia kwenye mraba wa tano. Ilikuwa Alhamisi, na sista alikuwa asafiri Jumapili asubuhi.

Tukatafuta. Mabuibui ya siku hizi yanateleza na yamejaa vijiwe. Mawili tuliyoletewa yalikunjamana chini ya sindano kama ngozi ya maziwa. Kuna aliyeleta sketi nyeusi ya shule, imefifia mpaka imekuwa kijivu. Duka la vitambaa liko hatua chache kutoka kwetu, na nilipita mbele yake mara mbili. Nilijiambia nikinunua mita mbili nikajifunga kiunoni tangu adhuhuri mpaka magharibi, itakuwa imevaliwa. Wazo hilo nilimwambia mama. Akaniuliza kama nimesomea upimaji au uwakili.

Mfarishi huo leo uko kitandani kwa sista. Ameniletea picha, na maneno kwamba wageni wake wa kule hupitisha mkono juu ya ile nyeusi, wakidhani watatia kidole chini ya mistari. Picha hiyo nimewaonyesha watu wengi kuliko cheti changu. Wanaoitazama huuliza juu ya zile nyekundu, manjano na buluu, na nani ni ya nani. Nyeusi hawaiulizii, na ndiyo maana nataka kusema ilikotoka.

Kwenye chumba cha mama, juu ya mlango wa kabati, kulikuwa na joho langu la mahafali. Wenzangu chuoni walikodi. Mama alikataa. Alisema mwanawe hawezi kusimama siku kama ile ndani ya jasho la mtu mwingine. Aliazima joho la binti mmoja wa mtaa wa Shika Adabu kwa usiku mmoja, akalilaza kwenye meza, akalipima bila kulifumua, na kwa wiki nzima akashona la kwangu. Alitumia kitambaa kizuri chenye uzito, kisichoteleza, mikono mipana kama ya kanzu mbili. Nililivaa asubuhi moja. Tangu siku hiyo lilikaa ndani ya mfuko wa nailoni, na mgeni akija, hata aliyeleta suruali ipunguzwe, hakuondoka bila kuonyeshwa. Katika miezi yangu minane ya kukaa bure, joho lile lilinijibia maswali mengi barazani.

Nililifikiria tangu Alhamisi jioni. Nililifikiria kwa pande zake zote, kama kawaida yangu. Mama ataona nimeitupa kazi yake. Majirani watasema amekata tamaa, amechana shahada. Nikipata kazi kesho, je, halitahitajika? Halitahitajika, hakuna mtu anayekwenda kazini na joho. Na je, si kweli kwamba namtaka mama wa viazi abaki na ncha yake nzima, huku mimi yangu nimeitundika kwenye nailoni? Mara hii, ajabu, kila nilipoligeuza swali lilitoa jibu moja.

Ijumaa, wanaume walipokwenda msikitini na mtaa umetulia, niliingia chumbani, nikalitungua. Nikaja nalo sebuleni, nikaliweka mezani mbele ya mama, nikalitoa ndani ya mfuko. Nilikuwa nimetayarisha maelezo marefu, na hesabu ya nyeusi iliyobaki, na karatasi ya kuthibitisha. Nikasema tu, “Mama, hili limevaliwa.”

Aliacha kukanyaga cherehani. Alilitazama joho, akatazama miraba iliyokuwa imepangwa juu ya mkeka, minne ikiwa bado haina nyeusi. Kisha akavuta droo, akatoa wembe, akaniwekea mezani.

“Mikono ndiyo mipana,” akasema. “Anza na mikono. Usiikate begani, ifumue. Huo mshono niliufanya wa kufumuka.”

Sikumuuliza kwa nini alishona joho la mwanawe kwa mshono wa kufumuka. Huenda ndivyo anavyoshona nguo zote. Nilikaa chini nikafumua mkono wa kulia, kisha wa kushoto, nikaviondoa vipande vya uzi kimoja kimoja, nikatandaza kitambaa na kukipiga pasi. Nikachukua futi, na chaki, na nikapima kwa sentimita, kwa sauti, sentimita sita, sita, tano, mama akisikia na jirani aliyekuwa akipita akisikia. Nikashika makasi kwenye ukingo wa mkono wa kulia.

Nikakata moja kwa moja, mpaka mwisho.